Bromelia za Fundi Redio

Mama Miche, muuza mimea, alipanga vyungu juu ya meza ya mbao, akamwonyesha fundi redio namna ya kuchagua.

"Zote hizi ni bromelia, ndugu zake nanasi. Jani laini, pana, la kijani kibichi, hilo jua litaliunguza kama mkate. Wewe shika hili."

Fundi alishika jani gumu, la kijivujivu, likamchoma kidole kwa miiba yake.

"Hilo ndilo la jua la utosi. Likishiba jua linakuwa jekundu mpaka ndani."

Fundi akajaza toroli. Uwanja wa mbele ya nyumba yake haukuwa na mti wala paa, na jua liliupiga kutwa nzima. Tangu mkewe afariki hapakuwa na wa kuupamba, na wapita njia walikuwa wameanza kuuliza kama nyumba inapangishwa. Swali hilo lilimuuma sana. Alitaka watu wakipita wajue humu mna mtu.

Akazipanda uwanjani, na zote zilishika vizuri, isipokuwa chache za katikati. Hizo ziligeuka kijani, majani yakarefuka na kulegea. Fundi akaenda kulalamika.

"Umenichanganyia na za kivulini."

"Mimi huyu? Twende nikaone kwa macho yangu!"

Mama Miche alichuchumaa, akabinya jani, akatazama juu, akatazama chini.

"Mimea haina kosa, fundi. Hapa jua halifiki. Mkeo amekaa."

Kweli alikuwa amekaa. Kivuli chake kilikuwa palepale alipozoea kuweka kigoda, mgongo umeinama kidogo, kitambaa kichwani, uso umeelekea mlangoni. Kigoda chenyewe kilikuwa stoo. Fundi alikuwa akipazunguka mahali hapo kila siku na hakuwahi kujiuliza kwa nini.

"Anatazama mlango," alisema Mama Miche. "Anamngoja nani?"

"Mimi," alisema fundi. "Nilikuwa ndani."

Miaka yote ya ndoa alikuwa ndani, kwenye chumba cha mbele, meza imejaa redio za watu zilizopasuliwa matumbo. Kila alasiri mkewe alimwita kutoka nje, "Baba watoto, toka basi tukae." Naye alijibu, "Nakuja," macho kwenye waya. Alijibu kwa upendo, si kwa ukali hata kidogo. Watoto wakakua, wakaoa na kuolewa, wakahamia mbali, na baba mtu bado anakuja tu.

Mama Miche alitaka kumbadilishia ile michache. Fundi akakataa, akasema iachwe hivyohivyo.

Siku zilizofuata alichangamka. Alimpa mkewe habari za watoto kupitia dirishani, akapunguza sauti za redio ili amsikie vizuri. Lakini kutoka nje, wapi! Alipiga moyo konde, akafika mlangoni na kigoda mkononi, haya ikamshika. Angeanzia wapi na mtu aliyemngoja namna ile? Akarudi mezani, na mezani hapakukosa waya wa kuunganisha.

Mama Miche alipopita tena, alisimama langoni akitazama uwanja.

"Fundi, zile za katikati zimeanza wekundu."

"Si ndiyo vizuri?"

"Zimepata jua. Kivuli kinapungua. Mwenzio amechoka kungoja. Toka ukakae naye, leo hiihii."

"Nitatoka. Mama Miche, sina mwingine mimi. Nyumba hii inanimeza mzimamzima."

"Basi toka."

"Nimalizie hii redio ya mwalimu."

Alasiri hiyo kivuli kilikuwa chepesi, kokoto zikionekana ndani yake. Kikainua mkono, kikaita kama zamani. Fundi alikiona vizuri. Risasi ya kuungia waya ilikuwa bado ya moto, na ikipoa kazi ingeanza upya.

"Nakuja, mama watoto," alisema, na alimaanisha.

Bromelia zilipendeza kweli mwaka ule. Wapita njia walisimama kuzitazama, uwanja mzima mwekundu, hakuna hata moja ya kijani. Nyumba haikuulizwa tena kama inapangishwa. Redio zilisikika zikiongea ndani, na watu wakajua mna mtu.