Kiti cha Safu ya Mbele

Jumapili ya tatu mfululizo Zulema Barragán aliwekwa nyuma ya nguzo, na safari hii alikuja na shari. Alivua viatu vya barabarani, akavaa vya kuchezea, akaikaza mikanda mpaka nyama ya mguu ikafura. Kutoka pale, jirani na mlango wa jiko, aliambulia nusu ya uwanja wa dansi na harufu yote ya empanada, zile sambusa zao za nyama.

Kwa asiyecheza dansi ya tango, kiti ni kiti tu. Katika ukumbi ule wa klabu ya mtaa wa Boedo, kiti ndicho kila kitu. Wanaume hukaa upande wa baa, wanawake upande wa madirisha, na hakuna mwanamume anayevuka uwanja kwenda kumwomba mwanamke dansi kwa mdomo. Anamtafuta kwa macho, anainamisha kichwa kidogo. Mwanamke akitaka, anaitikia vivyo hivyo. Asipotaka, anatazama pengine na hakuna aliyeaibika. Sasa mwanamke wa nyuma ya nguzo atatazamwa na nani? Zulema alikuwa na miaka sitini na saba, ishirini na miwili kati ya hiyo akicheza pale kila Jumapili alasiri, na kwa Jumapili mbili zilizopita hakuinuka ila kwenda msalani. Alijua wanawake wanavyopotea. Wanakaa Jumapili tatu, nne, bila kuchezeshwa, wanaanza kusingizia magoti, kisha hawaonekani tena.

Chanzo cha kuhamishiwa nguzoni ni Hilario Ferreyra, mzee wa suti ya kijivu aliyejiona kana kwamba tango aliizaa yeye. Mwezi uliopita, katikati ya wimbo, alisimama akaanza kumwelekeza Zulema namna ya kuweka mguu. Uwanjani watu hawafundishani, hilo linajulikana. Nyimbo huchezwa nne nne na mtu yule yule, na neno "asante" halitamkwi mpaka wa nne uishe, kwa sababu likitoka mapema maana yake ni moja tu: nimekuchoka. Zulema alilitamka baada ya wimbo wa pili, tena kwa sauti. Kwa bahati mbaya Hilario ni kumpare, yaani swahiba wa kufa na kuzikana, wa Amílcar Bustos, mwenye dansi na mpangaji wa viti. Jumapili iliyofuata, juu ya kiti cha Zulema ulikuwepo mkoba wa Ofelia Santángelo.

Hapo ndipo palipomchoma. Wanaume wakinuna wataacha, lakini Ofelia! Walijifunza kucheza pamoja wakiwa wasichana, jikoni kwa mama yake Ofelia. Ofelia ndiye aliyekuwa akishika nafasi ya mwanamume, kwa urefu wake. Leo kajikalisha pale mbele, upepeo mkononi, uso mkavu.

"Kiti hakikuunguzi, shoga?" Zulema alikuwa amemuuliza alipokuwa akipita.

"Kina joto kweli. Si umekiatamia miaka yote hiyo? Wacha na wenzako tukalie."

"Kalia tu. Ukichoka sema nikuletee mto."

"Lete na soda, maana wewe siku hizi ni mtu wa jikoni."

Meza ya jirani ilicheka, na Zulema akaenda zake nguzoni.

Sasa nyimbo nne nyingine zilikuwa zinaanza. Akichungulia ubavuni mwa nguzo, Zulema alimwona Hilario ng'ambo akimtazama Ofelia, kichwa kikianza kuinama. Wakati huohuo Ofelia alikuwa amejikunja kufunga kiatu, wala hakuona kitu. Kiti cha Hilario, kiti cha Ofelia na ile nguzo vilikuwa kwenye mstari mmoja. Mara nyingi mwanamke wa nyuma hudhani ameitwa yeye, akainuka, na mwanamume muungwana hana budi kumeza na kucheza naye nyimbo zote nne. Zulema hakudhani chochote. Alipiga moyo konde, akaitikia kwa kichwa, akaenda kusimama ukingoni mwa uwanja.

Hilario alifika akiwa mwekundu. "Sikukuita wewe."

"Basi niache hapa nimesimama, watu wakuone."

Alimshika kama anayebeba gunia la mtu mwingine. Walicheza wimbo mmoja bila kuangaliana. Ulipoisha, Hilario alirudi nyuma hatua moja, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka baa, "Asante," akageuka akaenda zake.

Watu waliguna. Mwanamke hurudishwa kitini kwa mkono hata kama mmegombana, na hakuna aliyewahi kuona mwanamke akitupwa katikati ya uwanja. Zulema alitamani ardhi ipasuke. Aliuangalia mlango, akauona uko karibu, na kama angetoka, asingerudi tena maisha. Kisha hasira ikampanda, ikamfaa. Akabaki palepale, mikono kifuani.

Wimbo wa pili ukaanza. Wachezaji wanazunguka uwanja upande mmoja, na sasa wote walilazimika kumkwepa.

"Mama, utakanyagwa," mmoja alimwambia.

"Kanyaga."

Ofelia, aliyekuwa ameitwa na daktari wa meno kutoka Lanús, alipita akiwa mikononi mwake. "Umekuwa sanamu?" alimrushia juu ya bega la mwenzake.

"Cheza, usije ukaanguka."

Zulema alisimama hivyo wimbo wa pili, wa tatu na wa nne. Kikapigwa kile kipande kifupi cha muziki wa kuwaondoa watu uwanjani, na wote wakaanza kutoka ila yeye. Mpiga santuri aliduwaa, asijue aweke nini. Amílcar alikuja mbio, jasho likimtoka.

"Zulema, mama, nakuomba. Unaniaibisha."

"Nakuaibisha mimi? Aliyenitoa kitini anirudishe. Ndiyo sheria ya ukumbi wako, si yangu."

"Nitakurudisha mimi."

"Nimecheza na wewe? Mlete kumpare wako."

Upande wa wanawake mtu alipiga makofi, wa pili akafuata, mwisho meza zote za madirisha zikawa zinapiga. Hilario aliitazama glasi yake. Kisha aliona hana pa kujificha, akaja, akautoa mkono kama anayeutoa kwa mbwa. Zulema akaushika kwa madaha. Alimwongoza yeye badala ya kuongozwa, na walipofika safu ya mbele, kwenye kile kiti kilichoachwa na mkoba tu juu yake, alisimama.

"Hapa panatosha."

Hilario alitaka yaishe. Akautoa mkoba, akavuta kiti, na Zulema akaketi.

Daktari wa meno, aliyekuwa amekawia ukingoni kutazama, ndipo akamleta Ofelia, akanusa ugomvi, akaondoka haraka.

"Inuka," Ofelia alisema. "Hicho changu."

"Mwanamke hukaa pale alipofikishwa." Zulema alisema kwa sauti, ukumbi mzima usikie. "Nimefikishwa hapa kwa mkono wa mwanamume. Kama una swali, muulize Hilario."

Ofelia alimgeukia Amílcar. Amílcar alikuwa amechoka.

"Kwa leo tu, Ofelia. Kaa pale nguzoni. Nakuomba."

Ofelia aliuokota mkoba wake polepole. "Mwanamke hukaa alipofikishwa," alisema. "Haya. Nimesikia mimi, na wote wamesikia."

Akaenda nguzoni, na Zulema akajinyoosha kwenye kiti chake. Muziki ukaanza. Akainua macho kuelekea baa, tayari. Wanaume wote walikuwa wakitazama dari, kucha, viatu vyao. Nyimbo nne zikapita. Nne nyingine zikaanza, nao walijitia hamnazo vilevile, hata yule daktari wa meno. Kumbe kiti kimerudi peke yake. Roho ilimuuma kuliko alipokuwa nguzoni, kwa sababu sasa alionekana na kila mtu, na hakuna aliyemtaka.

Kisha bandoneoni, kile kinanda cha mikunjo cha okestra aliyoipenda kuliko zote, kikavuta pumzi. Zulema aligeuza uso kuficha machozi, na alipogeuza uso akakutana na macho ya Ofelia, ubavuni mwa nguzo. Ofelia aliinamisha kichwa.

Siku hizi wanawake huchezeshana, ingawa katika ukumbi ule ilikuwa nadra. Zulema alitaka kutazama pengine. Miguu ilikataa. Akaitikia.

"Usidhani nimekusamehe," alisema walipokumbatiana.

"Nani kakuomba? Nyamaza, wimbo umeanza."

Ofelia alimchezesha kama jikoni kwa mama yake, bila kumsukuma wala kumfundisha, akimngoja pale muziki unapongoja. Zulema alifumba macho. Wimbo wa pili alimsahau Hilario, wa tatu akasahau ukumbi, na wa nne ulipoisha shavu lake lilikuwa bado juu ya mfupa wa bega la adui yake.

"Asante," Ofelia alisema, kwa wakati wake hasa.

"Asante na wewe."

Ofelia akamtolea mkono kiungwana, akamwongoza. Walipita safu ya mbele. Zulema alijaribu kusimama, lakini mkono wa Ofelia ulikuwa mgumu kuliko wa Hilario, na meza zote zilikuwa zikitazama. Wakafika nguzoni. Ofelia akavuta kile kiti cha karibu na jiko, akamkalisha taratibu, akainama kidogo.

"Mwanamke hukaa alipofikishwa, shoga."

Meza moja ilianza kucheka, ya pili ikaidaka, na Amílcar kule baa akajishika kichwa. Zulema aliyatambua maneno yake mwenyewe. Ofelia alirudi mbele akakaa, na upepeo ukafunguka kwa kishindo.

Zulema alimchukia kwa moyo wote. Alifungua mikanda ya viatu aende nyumbani, kisha akaifunga tena. Na kabla nyimbo nyingine hazijaanza, alijikuta anachungulia ubavuni mwa nguzo, aone kama Ofelia atageuka na kumwinamishia kichwa tena.