Lori la Kuwarudisha Watu Kwao

Vumbi lilionekana kabla ya lori. Lilipanda mlima wa Mbulu polepole, jekundu, likijipinda kama moshi wa nyumba inayoungua. Lilifika bomani limechoka, likawaangukia watu waliopangwa mstari chini ya ukuta. Hakuna aliyekohoa. Mtu aliyelala vibarazani miezi mingi hashangai vumbi. Vumbi ndilo blanketi lake la kwanza.

Walikuwa kumi na mmoja. Wa nne katika mstari alikuwa Natalia, Mwiraqw wa kijiji cha Tumati, mwenye mikono ya jembe na macho yasiyoomba.

Amri ilikuwa imebandikwa mlangoni pa boma wiki nzima. Asiye na nyumba wala kazi mjini arudishwe kwao. Maneno machache, kama fimbo. Kila mtu ana kwao, alisema Bwana Shauri, Mwingereza wa wilaya. Kila mtu ana kwao, alirudia karani Hamis, mtu wa Pangani, kalamu sikioni. Kila mtu ana kwao, wakaitikia wenye maduka, kama watu wanaoitikia dua.

Natalia alisikia, akatema mate.

Kwao! Sikilizeni kwao kulivyokuwa. Mume wake alikufa wakati wa palizi. Mtoto wa ziwa, aliyekuwa bado ananyonya, akamfuata baba yake kabla mahindi hayajakomaa. Na kwa Wairaqw wa siku zile, mama aliyefiwa na mtoto wa ziwa hakukumbatiwa. Alitengwa. Hali hiyo waliiita metimani. Mkosi umemshika, na mkosi huambukiza kama upele. Asichote maji kwenye kisima cha wenzake. Asiombe moto. Asipite njia ya ng'ombe. Asiguse mbegu ya mtu. Alichokalia hakikaliwi, na kilichombeba hakibebi tena chakula, mpaka wazee waseme yamekwisha.

Walimjengea kibanda cha matawi juu ya korongo. Akakaa humo masika yote. Mvua ilipomzimia moto, alitafuna viazi vibichi. Alizungumza na nani? Alizungumza na mvua. Siku moja akagundua anaanza kuisahau sauti yake mwenyewe. Hakungoja wazee. Alishuka, akatembea kutwa, akaingia mjini katikati ya nyuso zisizomjua.

Ee Mbulu, mji wa baridi na ukungu, hukumpenda. Lakini hukumwuliza. Na kwa mtu aliyeulizwa na kuhukumiwa, kutoulizwa ni nusu ya nyumba.

Aliwachotea maji kwa ujira akina mama wa sokoni, Wairaqw wenzake, na hakuwaambia neno juu ya mkosi wake. Alidanganya? Ndiyo, alidanganya. Mwenye njaa ya watu hula hata cha wizi. Alilala kwenye kibaraza cha Hatibu, muuza nguo na chumvi, pamoja na Doto, mtu wa Tabora, askari aliyerudi kutoka vita vya Burma akiburuta mguu mmoja.

"Dada Natalia," Doto alimwambia asubuhi ya kwanza, "hapa ni hoteli kubwa. Ukuta ni mmoja tu, lakini upepo unahudumia pande zote."

Natalia akacheka. Tangu kaburi la mtoto, ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Sasa lori limefika, na Bwana Shauri ameketi kwenye kiti chake mbele ya boma, asikilize maoni ya mji.

Hatibu akasimama kwanza. "Bwana, mimi sina roho mbaya. Lakini mteja aruke miguu ya watu kumi na mmoja ndipo aione shuka? Ataona miguu, atarudi kwake."

"Hatibu, wewe!" Mwanaamina, muuza uji, akadakia bila kusimama. "Kibaraza chako anakifagia nani? Yule mwizi wa chumvi alikamatwa na nani, wewe ukiwa unakoroma? Ukishawaondoa hawa, fuga mbwa."

Watu wakacheka. Joakimu, katekista, akanyoosha kidole. Yeye alitaka wajengewe kambi ng'ambo ya mto, wafundishwe mikeka na sala.

"Mwalimu," Doto akamjibu kutoka mstarini, "kambini nimekaa miaka minne. Sala nilijifunza bila mwalimu. Bomu lilinifundisha."

Wakabishana mpaka jua likapanda. Warudishwe. Waachwe. Wapelekwe ng'ambo. Walijadiliwa kama samadi: imwagwe wapi ili isinuke. Kati ya wote waliosema, hakuna aliyegeuka akamwuliza hata mmoja wa wale kumi na mmoja. Bwana Shauri akatazama saa yake, akasema amri ni amri.

Hamis akapita na daftari. "Wewe mama, kwenu wapi?"

"Tumati."

"Vizuri sana. Lori litakushusha, halafu litapakia mahindi ya serikali huko huko. Safari moja, kazi mbili."

Akaandika, akafurahi. Alikuwa mtu wa Pangani. Hakujiuliza kwa nini mtu aliache shamba lake la mahindi aje kulala juu ya saruji. Aliuliza kwao ni wapi. Hakuuliza kwao kulimfanya nini.

Natalia akapima. Akinyamaza, jua hili litazama akiwa juu ya korongo, peke yake, na sauti yake itamwacha tena. Akisema, akina mama wa sokoni watamjua, na kazi ya maji imekwisha leo. Huku shimo, kule shimo. Akachagua lile atakaloliruka kwa miguu yake mwenyewe.

Akatoka mstarini. Askari akainua mkono amsukume, lakini mkono haukumkuta mtu. Natalia alikuwa amekwisha kupanda. Alisimama katikati ya lori, viganja vyote viwili juu ya ubao, kichwa juu, kama mtu aliyefika shambani kwake.

"Kaka Tomaso," alimwita dereva, kwa Kiiraqw, taratibu, "zima injini. Nina metimani. Nimezika mtoto wa ziwa, na wazee hawajasema yamekwisha."

Tomaso, Mwiraqw mzaliwa wa Dongobesh, akazima. Akateremka kama mtu aliyekuta nyoka ndani ya kiatu. Askari naye akarudi nyuma, akifuta kiganja ambacho hakikugusa kitu.

Akina mama wa sokoni, waliosimama pembeni na madebe yao, wakarudi nyuma. Justina, mmoja wao, ambaye debe lake la maji Natalia alilijaza alfajiri ile, alilipindua. Maji yakakimbia kwenye udongo. Justina hakumtazama. Hilo lilimchoma Natalia kuliko amri, kuliko karani, kuliko lori. Lakini hakushuka.

Akasema kwa Kiswahili sasa, mji wote usikie:

"Haya, Bwana karani! Nipeleke Tumati. Nani atapakia gunia humu? Nani atakula unga wake? Mnasema kila mtu ana kwao. Kwetu walinitoa. Mnanirudisha kwa walionitoa, halafu mnasema mmefanya kazi. Mimi si barua iliyopotea. Mnirudishe kwa nani?"

"Mshusheni!" akasema Bwana Shauri.

Hakuna aliyesogea.

"Mshusheni, nimesema!"

Askari watatu, wote wana wa Kiiraqw, wakatazama mawingu kwa bidii kubwa.

"Mwalimu Joakimu!" Mwanaamina akaita. "Si unafundisha kila Jumapili kwamba mwiko ni giza? Nenda basi, mshushe."

Joakimu akapiga hatua mbili. Kisha akakumbuka kwamba ng'ombe wake alizaa juzi. Akasimama hapo hapo.

Mzee mmoja akaeleza kwa adabu kwamba lori linaweza kutakaswa, akipatikana kondoo mweusi asiye na doa. Bwana Shauri akawa mwekundu kuliko barabara. Serikali, alisema, haichinji kondoo kwa ajili ya lori.

"Mimi ni wa Tabora," Doto akasema. "Mkosi wenu haunijui jina." Akapandisha mguu mzima, akauburuta ule mwingine, akaketi karibu na Natalia. Wa tatu akapanda. Wa nne. Wote kumi na mmoja wakapanda lori ambalo saa moja kabla walikuwa wapakiwe kwa fimbo, na sasa hapakuwa na fimbo ya kuwashusha.

Ndipo Bwana Shauri akasogea mwenyewe, akauliza swali lililokuwa halijaulizwa tangu asubuhi.

"Wewe, mama. Unataka nini?"

"Kambi sitaki. Korongo sitaki. Nataka kulala nilipolala jana, na asubuhi nitafute kazi kama mtu. Ukitaka kuniondoa, hii mikono yangu. Nishike."

Yule Mwingereza hakuamini mkosi. Lakini aliitazama ile mikono iliyonyooshwa mbele yake, akatazama mji uliokuwa unamwangalia, akarudi ndani. Hakuna aliyejua aliona nini.

Mahindi ya Tumati yalibebwa na punda mwaka ule. Barua ya kuomba lori jingine ilikwenda Arusha, na Arusha haikuwa na haraka. Hatibu akapata kibaraza kitupu kama alivyotaka, na chumvi yake ikaibiwa mara mbili. Akina mama wa sokoni hawakumpa tena Natalia debe la maji. Walimpisha njia kama moto. Alitwanga ulezi wa Mwanaamina, akala, akaishi. Sisemi aliishi vizuri. Nasema aliishi mjini, kati ya watu, na walipompigia kelele aliwajibu, na sauti ilikuwa yake.

Na lori? Lilibaki pale pale mbele ya boma. Majani yakaota kwenye magurudumu. Chini ya turubai lake watu kumi na mmoja walilala bila kunyeshewa, na mvua ya pili ilipoanza walikuwa kumi na wanne.

Kila asubuhi Natalia alisimama juu ya ubao wa nyuma, akaikung'uta kaniki yake kwa nguvu, mara tatu. Vumbi likapaa jekundu, likavuka uwanja wa serikali, likaingia kwa dirisha la boma bila kubisha hodi, likatua juu ya daftari la karani Hamis, na yeye akalipuliza, na likatua tena.