Shati la Bwana Saa

Saa kumi kasoro dakika kumi alasiri, kama kila siku, Bwana Saa aliinuka mezani, akaingiza miguu kwenye viatu bila kufunga kamba, akaenda kusimama kwenye geti la kituo cha watu wenye ulemavu na kushika vyuma viwili kwa mikono miwili. Mtaalamu wa tabia, aliyekuwa ameketi kibarazani na fomu zake magotini, alitazama saa akaandika: Anaenda getini. Shati wazi. Dakika ishirini baadaye akaandika tena: Amerudi. Ametulia. Shati limefungwa. Kisha akanywa chai yake, ambayo ilikuwa imekwisha poa.

Bwana Saa alikuwa na miaka arobaini na mbili na hakuwahi kutamka neno. Wahudumu walimbandika jina hilo kwa sababu hakujua kusoma saa na hakuwahi kuchelewa. Shida ilikuwa kwamba akishashika geti habanduki mpaka dakika zake ishirini ziishe, mvua inyeshe, jua liwake, na geti ni hilo hilo moja la kupitia magari. Mhudumu aliyejaribu kumfungua vidole aliondoka na mkono uliovimba. Ndipo mtaalamu akaitwa.

Kazi yake aliijua, tusimwonee. Fomu ilikuwa na safu tatu: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Alizijaza siku arobaini na moja bila kuruka hata moja. Chini kabisa, panapoulizwa sababu ya tabia, aliandika: Anangoja. Hakuna anayekuja.

Basi viatu vikafungiwa kabatini. Kila ilipofika saa kumi kasoro robo, Bwana Saa aliketishwa mbele ya vibao vya kupanga, na kila akitulia dakika tano aliwekewa kipande cha biskuti kiganjani. Wiki ya kwanza alilia mpaka sauti ikamkauka. Wiki ya nne alilia kidogo. Wiki ya saba hakugeuza hata shingo. Mkuu wa kituo akaibandika ile grafu ukutani, mstari umeshuka mpaka sifuri, na mtaalamu akaenda nyumbani na kichwa kimevimba kwa sifa.

Siku hiyohiyo kule kungoja kulihamia kwake.

"Mwanangu, una mgeni getini," mama yake alimwambia huku akikunja nguo.

"Nani?"

"Si mtu. Ni kungoja tu. Kumefika saa kumi kasoro, nikasema nikuwekee kiti, lakini naona kunapenda kusimama."

Mtaalamu alitoka kuangalia. Vyuma viwili vya geti lake vilikuwa na joto, kwa kimo cha mtu mrefu, na rangi ilishaanza kubanduka mahali pa vidole. Jirani aliyekuwa akisukuma baiskeli alitoa salamu upande ule, akapita. Mtaalamu alijua mara moja kungoja kule ni kwa nani. Alidhani kutachoka.

Jumamosi alikuwa nyumbani. Saa ilipotimu, mwanamke mmoja alikuja akifuata barabara, utepe wa kupimia shingoni, vipande vya uzi vimemganda kwenye sketi. Alisimama nje ya geti, akapitisha mikono kati ya vyuma, akapapasa. Hakugusa kitu.

"Samahani, dada," alisema. "Namtafuta mdogo wangu. Kungoja kwake nakuona hapa, ila mwenyewe simwoni."

Mtaalamu alimkumbuka kutoka kwenye picha ya faili. Alikuwa fundi cherehani, ndugu pekee wa Bwana Saa, na alifariki miaka minne iliyopita. Alimkaribisha ndani, lakini fundi alisema hana muda. Alieleza kwamba mdogo wake anaweza kufungua vifungo ila kufunga vinamshinda, kwa hiyo kila alipotoka kazini alikuwa akipitia kituoni kumfungia, kuanzia cha chini kwenda juu. Alipofariki hakuona sababu ya kuacha.

"Si uende tu kituoni?" mtaalamu aliuliza. "Yuko palepale."

"Siwezi, dada. Sisi hatufiki pasipo na mtu wa kutungoja."

Mtaalamu aliingia ndani akatoa fomu zake. Shati limefungwa, mara arobaini na moja, kwa mwandiko wake mwenyewe. Na ukurasa wa kwanza wa faili, alioupitia kabla ya kuanza kazi, ulisema wazi kwamba mtu huyu hawezi kufunga vifungo. Aliandika kila kitu na hakuuliza chochote. Alijuta mpaka chakula kikamshinda.

Jumatatu alitoa viatu kabatini, akamvisha Bwana Saa mwenyewe, akamshika mkono hadi getini, akamwekea vidole kwenye vyuma. Bwana Saa alimtazama kwa adabu. Aliondoa mkono mmoja, akaondoa wa pili, akasimama ametulia kabisa, kisha akamkingia kiganja. Mtaalamu alimpa biskuti.

Jioni hiyo alienda kwa mkuu.

"Naomba niwe nampeleka kwangu, nusu saa tu kila siku. Dada yake anakuja pale."

"Kumtoa nje lazima ndugu asaini," mkuu alisema.

Jumatatu iliyofuata alileta fomu, fundi ameisaini Jumamosi pale getini. Mkuu aliilinganisha na faili, akavua miwani, akaivaa tena.

"Sahihi ni yake. Lakini huku ameandikwa marehemu."

"Ndiyo, ni marehemu. Na amesaini."

"Naona, mwalimu. Ila wakaguzi wakija nitawaambia nini?" Aliirudisha fomu kwa upole. "Halafu kwa nini uharibu kazi nzuri namna hii? Vituo vitatu vimeomba mpango wako."

Mtaalamu aliutoa mpango huo, shingo upande. Kwenye nakala zote alifuta maneno "hakuna anayekuja". Vituo vile havikusoma sehemu ya sababu, vilitaka ile ya biskuti.

Fundi cherehani hakumlaumu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Aliuliza tu, kila Jumamosi, "Leo amekuja?" na mtaalamu akajibu, "Leo hajaja." Mwishowe alishindwa kumwona akirudi mikono mitupu. Akaomba apangiwe zamu ya asubuhi, na kila atokapo kituoni hubeba shati moja la Bwana Saa kwenye mkoba. Ifikapo saa kumi kasoro dakika kumi husimama ndani ya geti lake, penye vyuma vya joto, akilishika shati mabegani na kuliinua kwa kimo cha mwenyewe. Fundi hupitisha mikono, akafunga kifungo cha chini, akapanda, akanyoosha kola.

"Amekonda," alisema siku moja.

"Anakula vizuri," mtaalamu alijibu, na ilikuwa kweli.

Asubuhi hulirudisha kituoni, limekunjwa, vifungo vyote saba vimefungwa. Mhudumu wa zamu hulichukua na kuvifungua kimoja kimoja, akinung'unika, maana bila hivyo haliwezi kuvalika. Kisha humvisha Bwana Saa na kumkalisha kwenye vibao vyake, shati wazi.