Pikapu Iliyosimama kwa Mia na Arobaini

Mjomba wangu Malimi, manju na kiongozi wa kundi la ngoma la Bagalu, hakuwa mtu wa kutulia. Hata akila ugali, goti lake lilipiga ngoma chini ya meza na mchuzi ukamwagika. Mwaka ule goti lilizidi. Kundi lake lilikuwa limeshindwa mara mbili mfululizo na Bagika, kundi la manju mwenzake Chenge, na wazee walishamwambia wazi: akishindwa tena kwenye mashindano ya Bujora, fimbo ya umanju ataikabidhi kwa mwingine.

Mashindano yetu hayana maksi. Makundi mawili hucheza saa ileile, moja upande huu wa uwanja, jingine upande ule, na watazamaji huenda wapendako. Mwenye umati mkubwa ameshinda. Kwa hiyo kila manju hutafuta cha kuvuta watu: wengine chatu, wengine moto, wengine dawa. Mjomba alitafuta dashibodi.

Alikuwa na pikapu, mojawapo ya magari yaliyotumika Ujapani ambayo enzi za ruksa, milango ya biashara ilipofunguliwa, yalianza kutumwagikia. Ilikuwa ya daraja la chini kabisa. Mbele ya usukani palikuwa na mshale wa mwendo, mshale wa mafuta, na katikati yake duara jeusi tupu, mahali ambapo matajiri wana kitu. Chenge alilichungulia mbele za watu akauliza, "Malimi, hili jicho lilipofuka lini?"

Tangu siku hiyo mjomba hakulala vizuri.

Fundi Odongo wa Nyamagana akampatia dashibodi ya pikapu ya aina hiyohiyo, ila toleo la kifahari, iliyong'olewa kwenye gari lililopinduka. Haikuwa na mishale. Ilikuwa na namba za kijani, zinawaka kama macho ya paka. Tatizo, nyaya zake zilikuwa nyingi kuliko za gari letu.

"Zilizobaki umezipeleka wapi?" mjomba akauliza.

"Nimezifunga kwa selotepu, mzee. Ila ukikanyaga breki, mwendo unaruka mpaka mia na arobaini. Niachie gari wiki moja nirekebishe."

"Wiki sina. Na injini nayo imeongezeka nguvu?"

"Injini ni ileile, mzee."

Mjomba alionekana kutoliamini jibu hilo.

Siku ya mashindano aliegesha pikapu pembeni ya uwanja, akanikabidhi ufunguo kama askofu anayekabidhi msalaba. Nilikuwa likizo, kidato cha tatu, kutoka shule ya bweni ambayo walimu wake walikuwa wameniombea mpaka wakachoka.

"Okomo, mpwa wangu, washa swichi tu. Watu wakija kutazama namba, waelekeze kwenye ngoma. Breki usiiguse."

"Sawa, mjomba."

Niliapa kwa moyo mweupe. Mguu wangu haukuwa umeapa.

Walianza watoto. Kisha akaja mama mmoja na beseni la karanga, nami nikakanyaga. Sifuri ikaruka, ikawa mia na arobaini.

"Yesu! Si limesimama hili?"

"Linakwenda, mama," nikamjibu kwa sauti ya padri, "ila kwa unyenyekevu."

Akapiga kelele, na kelele ile ikaita uwanja. Vijana waliingia chini ya gari kukagua magurudumu. Mzee mmoja akaomba nimfikishe Sengerema palepale aliposimama, asisumbuke na kivuko. Nikakanyaga na kukanyaga. Nilipoinua kichwa, upande wa Chenge ulikuwa mtupu. Nikafurahi. Nikageukia wa mjomba: alikuwa anawachezea wazee wawili na mbuzi. Nilikuwa nimewashinda Bagika, na Bagalu pia.

Mjomba alikuja mbio, njuga zikilia miguuni. Nikaandaa shavu. Akanipita, akarukia juu ya bodi ya pikapu, akaita wapiga ngoma wake, akaanza kuimba hapohapo mbele ya umati wangu. Chenge naye akafika anahema.

"Gari si ngoma! Mzee Shimba, tangu lini gari likacheza?"

Mzee Shimba, mwamuzi, akachungulia dirishani muda mrefu kuliko kesi ilivyohitaji.

"Kijana, hebu kanyaga tena."

Nikakanyaga.

"Basi, zima. Watakaobaki ndio wa Malimi. Chenge, rudi kwenye ngoma zako."

Nikazima. Watu wakakodolea plastiki nyeusi. Ngoma za Chenge zikalia ng'ambo, na migongo ikaanza kugeuka. Mjomba akaimba kwa nguvu zaidi, wakazidi kuondoka. Nikamwona akiitazama ile fimbo mkononi mwake. Mguu wangu sikujua niuweke wapi.

Ghafla akanyamaza. Akainua mkono, ngoma zikanyamaza naye. Akasimama wima, nyayo zimeganda kwenye bati la pikapu. Kisha magoti yakaanza, yaleyale ya chini ya meza. Tetemeko likapanda kiunoni, mabegani, shingoni. Njuga zikalia kama mvua ya mawe, na nyayo hazikusogea hata kidogo.

"Mia na arobaini!" mtoto mmoja akapaza sauti.

Migongo ikageuka tena. Wachezaji wote wa Bagalu wakaganda chini na kutetemeka vilevile, vumbi likawapanda mpaka magotini. Mzee Shimba alipoinua usinga kumpa mjomba ushindi, hata wapiga ngoma wa Chenge walikuwa kwetu, wamebeba fimbo za ngoma, wanatazama.

Jioni mjomba alishika usukani, fimbo ya umanju mapajani.

"Nilikwambia breki usiiguse."

"Ndiyo, mjomba."

Chenge akatokea dirishani, akakohoa. "Malimi, ndugu yangu. Huyo Odongo anapatikana wapi?"

"Odongo yupi?" mjomba akauliza, akaondoa gari.

Njia nzima mpaka Kisesa alikanyaga breki, hata pasipo na kona.