Pakiti ya Njano Juu ya Kompyuta

Hivi wewe umewahi kurudi kwenye kitu chako ukakikuta kimebadilishwa, wala hakuna aliyekuuliza? Basi utamwelewa Bwana Lo Ching-fu wa Tainan, kule Taiwan, maana asubuhi ile alipiga kelele mpaka muuza maziwa ya soya wa ng'ambo ya kichochoro akachungulia.

"Imejisasisha tena! Kompyuta yangu mwenyewe!"

Mkewe, Bi Yueh-chiao, alikuwa dirishani akishona joho jekundu la kikaragosi cha hekalu, yule jenerali mwenye ndevu. Hakuinua kichwa. Alikuwa akiufaidi mwanga wa dirisha lile, kwa kuwa kesho mafundi wangekuja kuliziba kwa kabati la vitabu vya mumewe. Mume alishawaita. Yeye aliambiwa mezani, katikati ya uji wa samaki, kama mtu anavyoambiwa kwamba nje kunanyesha.

"Niliweka mfumo huu wa Linux wa nini, Mama Ting? Si ili mashine isifanye jambo bila ruhusa yangu?"

"Ndivyo ulivyoutangazia mtaa mzima."

"Masasisho nimeyazima kwa mkono wangu huu! Nani kaigusa?"

Akavuta kiti, akaandika amri, akasubiri huku akiuma mdomo. Mfumo wenyewe ulikuwa umetulia vilevile alivyouacha. Kumbe kilichojisasisha ni kivinjari chake tu, alichokitoa kwenye duka la programu, na duka lile lina kisasishi chake lenyewe, kisichojali kilichozimwa kwingine. Akaandika amri nyingine ya kukisimamisha, akashusha pumzi. Ndipo macho yake yakapanda juu ya kompyuta, mahali pa ile pakiti ya vitafunio vya mahindi iitwayo "kaa na adabu", ambayo huko kila mwenye mashine huiweka juu yake ili mashine isimletee ukaidi.

"Mama Ting! Hii mbona ya njano?"

"Ni ya njano, ndiyo."

"Mashine huwekewa ya kijani! Kijani ni nenda, njano ni jihadhari, hata mtoto mchanga anajua! Ya kijani iko wapi?"

"Nimeinywea chai. Ilikuwa tamu."

"Umeila? Ukaweka nyingine bila hata kuniuliza?"

Sindano ikasimama. Bi Yueh-chiao akalikumbuka jiko lake la mkaa, kiti chake cha mianzi, na ule mpera wa uani, vyote alivyoviondoa mumewe bila kumuuliza, kwa nia njema kabisa. Akamlaza jenerali mapajani, akamnyoosha ndevu taratibu.

"Inauma, eh, Baba Ting?"

"Inauma sana! Mtu huulizwa kwanza!"

"Haya. Wapigie mafundi simu wasije. Nalitaka dirisha langu. Na siku ukitaka kuniboreshea kitu tena, niulize kwanza."