Kicheko Baada ya Kufa

Vedavalli alikufa vizuri. Mwongozaji Annamalai, ambaye si mwepesi wa kusifu, alisema hajapata kuona mtu akikata roho mbele ya kamera kwa utulivu namna ile. Akaamuru kamera isimame, watu wakashusha pumzi, wakangoja marehemu ainuke waendelee na kazi.

Hakuinuka. Alibaki chali juu ya machela ya mianzi katikati ya studio, macho yamefumbwa, sari nyekundu imemfunika hadi vifundoni.

Katika filamu ile alikuwa mke anayekufa mumewe angali hai. Mwanamke wa namna hiyo huko Madras hupambwa kama bibi harusi siku ya kuchomwa: hupakwa manjano, huvikwa asumini nywele nzima, huwekwa alama nyekundu kwenye paji la uso. Majirani wakimtazama huguna kwa wivu. Amekwenda na maua yake, husema.

Vedavalli mwenyewe hakubahatika hivyo. Mumewe, Sivaguru, aliyekuwa fundi wa sauti katika studio hiyohiyo, alifariki mvua zilipoanza. Siku ile wanawake wa ukoo walimfuta alama ya paji na kumvua maua, na tangu hapo hakuwa ameyagusa. Asubuhi ya leo msusi wake, Pankajam, alisimama na shada la asumini mkononi kwa muda mrefu, kana kwamba anaomba ruhusa kwa mtu asiyekuwepo chumbani.

"Weka tu, dada," Vedavalli alimwambia. "Si mimi ninayevaa. Ni yule maiti."

Alikuwa amekuja mjini akiwa binti, kutoka Kumbakonam, na njuga zake za ngoma na mama asiyembandua macho. Katika filamu yake ya kwanza mwigizaji mwenzake, Gajapathi, alimkimbiza kwenye bustani akimwimbia mapenzi, na watu wakawapenda hata wauza chai wakabandika picha zao ukutani pamoja na za miungu. Akaendelea kukimbizwa bustanini miaka mingi. Kisha wenye filamu waliokuja kumwajiri na sinia la tambuu na matunda, kama ilivyo ada, wakaanza kuleta na maneno mengine: safari hii utakuwa shemeji yake. Baadaye: utakuwa dada mkubwa. Mwishowe: mama. Gajapathi hakubadilishiwa neno, alibaki kijana. Katika filamu hii, mtu huyo aliyemzidi Vedavalli umri alikuwa mwanawe, amevaa nywele za bandia na shati la mwanafunzi.

Sasa walikuwa wakingoja acheke. Katika kazi yao, aliyekufa mbele ya kamera haruhusiwi kuondoka na kifo chake. Lazima kamera imwone tena akiketi na kucheka, ndipo kafuri iwashwe, boga lipasuliwe mlangoni kufukuza mkosi, watu wakale. Asiyecheka, wanasema, kifo humfuata nyumbani, na filamu nayo huanguka. Hakuna aliyethubutu kuhamisha hata kigoda.

Annamalai alimwomba kwa upole. Akamwomba tena kwa upole uliopungua kidogo. Akamkumbusha kisa cha tembo aliyekula kofia ya mpiga picha. Vedavalli aliyasikia yote. Alisikia pia mafundi wa taa waliokaa juu kwenye mbao wakinong'ona kuwa ilikuwa makosa tangu mwanzo kumlaza mjane pale, na kwamba mwenye filamu akizipata habari hizi hatampelekea tambuu tena. Hilo alilijua. Nyumba ilikuwa mabegani mwake peke yake sasa, na hakujua kazi nyingine.

Lakini kucheka ni kuinuka, na akiinuka Pankajam atakuja kumvua maua. Pale chini alikuwa bado mke wa mtu. Tena angecheka nini? Kicheko cha mwisho alikicheka na Sivaguru. Kucheka kingine aliona ni kama kumfungia mlango.

"Niacheni kidogo," alisema, midomo haikutikisika.

Ndipo Gajapathi akaja. Aliketi sakafuni kando ya machela, magoti yakilia kama kuni kavu.

"Veda."

"Hm."

"Umekufa."

"Najua."

"Mama yangu umekufa, na mimi bado sijaoa. Nani atanilea, na magoti haya?"

Gajapathi akainama, akaongea chinichini kama mtu anayeungama hekaluni.

"Mwakani watakufanya bibi yangu mzaa mama. Mwaka wa pili utakuwa picha ukutani, imevishwa shada la marehemu. Na mimi, Veda, bado nitakuwa naingia mbio na karatasi mkononi: mama, nimefaulu mtihani."

Kicheko kilianzia tumboni. Maua yakatikisika kwanza, kisha mabega. Alijaribu kukimeza kikamponyoka. Annamalai aliinua kidole tu, kamera ikawashwa. Vedavalli akaketi, akacheka kwa sauti, akacheka hadi manjano ya mashavuni yakachanganyika na machozi, na hakuna pale aliyeweza kusema yapi ni ya kicheko.

Pankajam akasogea. Vedavalli akamzuia kwa mkono, akayatoa maua mwenyewe, taratibu, kisha akajifuta paji kwa ncha ya sari.

Tangu msiba alikuwa akinywea kahawa chumbani mwake, asije akamtia mtu mkosi kwa kukutana naye. Safari hii alitoka nje na paji lake tupu, akaketi kwenye benchi karibu na Gajapathi. Mlangoni boga lilikuwa limeshapasuliwa. Akawaza ni mara ngapi Sivaguru aliharibu kazi nzima kwa kumcheka mtu huyu, ametumbukiza uso kwenye mashine za sauti ili mwongozaji asimwone.

"Unajua alisema nini juu yako?" aliuliza.

Gajapathi hakuuliza nani. "Alisema nini?"

"Kwamba hajasikia mtu anayelia vibaya kama wewe. Kila ukilia alikuwa anakupunguza sauti, ndipo watu wasikitike."

"Alisema hivyo?"

"Kila filamu."

Gajapathi akavua nywele za bandia, akaziweka gotini, akanywa kahawa yake. "Haya, endelea," alisema. "Na nini kingine?"

Vedavalli akajiweka vizuri kwenye benchi, akaanza kumweleza.