Nilivyomkata Egya Nimo

Nilimkata Egya Nimo mara kumi na moja kabla ya saa sita mchana. Kila sauti yake ilipotokeza kwenye kompyuta, mistari ikiruka kama panzi, niliizungushia alama na kuifuta. Nilimfuta akicheka, nikamfuta akiimba, kikohozi chake nacho kikaenda. Nilipomaliza, ilibaki sauti moja tu, ya Nana Birago, imenyooka kama uzi wa fundi.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa stashahada ya utangazaji, hapa Kumasi, Ghana, na nilijiona mkali. Sentensi zangu zilitembea gwaride. Mradi wa mwisho ulikuwa kipindi cha redio cha dakika kumi, nami nilichagua hadithi ya Nana Birago, muuza uji wa uani kwetu: chura aliyetaka kuoa kwenye ukoo wa ndege. Mwalimu Ofosuhene alitufundisha kusafisha sauti mpaka ing'ae. Alikuwa na sharti moja zaidi: mwenye hadithi asikilize kwanza, akiridhika aweke dole gumba kwenye fomu. Bila dole, hakuna mradi; bila mradi, hakuna cheti. Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa.

Jumatano jioni nilimvalisha Nana hedifoni juu ya kilemba. Alisikiliza hadi mwisho, akazivua taratibu.

"Dufie, watu wako wapi?"

"Watu gani, Nana?"

"Niliokuwa nawahadithia. Hapa nasikia kikongwe anabwabwaja peke yake. Anayeongea peke yake si hupelekwa kwa mganga?"

"Nimewatoa. Walikuwa wanakukatiza."

"Walikuwa wananikatiza mimi," alisema, "au wewe?"

Egya Nimo, mchonga majeneza, aliacha randa yake akaja. "Hata mimi umenitoa? Na nilivyoimba vile?"

"Ndiyo, Egya."

"Ama kweli! Umenizika bila jeneza, na mwenye majeneza ni mimi!"

Ua zima liliangua kicheko. Mimi sikucheka. Kadi ya kinasa sauti ilikuwa ndogo, na rekodi ya awali, pamoja na watu wake wote, nilikuwa nimeshaifuta.

Nimelelewa ua ule. Tangu utotoni nilijua kwamba hadithi ikinoga, msikilizaji huidaka: hudai kwamba siku kisa kilipotokea alikuwepo, kisha huimba wimbo aliousikia huko. Msimuliaji hunyamaza, wote huitikia, halafu hadithi huendelea. Nilijua, ila chuoni nilijifunza kuyaita mambo hayo kelele, na nililipenda neno hilo kwa sababu lilinifanya nijione nimesoma.

Alhamisi, baada ya kula fufu, Nana alikubali kusimulia tena. Niliweka kinasa sauti juu ya kinu kilichofunikwa, nikashika hedifoni.

"Hizo weka chini," alisema. "Leo na wewe ni mtu."

Akaanza. Chura aliposa. Ndege wakamcheka, kisha wakakubali, lakini harusi iwe juu ya mti. Chura akafika shinani, akatazama juu. Hapo Nana akanyamaza.

Nilimngoja Egya Nimo. Alikuwa anakagua kucha zake. Niliwatazama wanawake wa jikoni. Kila mmoja aligundua kitu cha kufunga kwenye kanga yake. Kinasa sauti kilikuwa kinarekodi kimya, sekunde baada ya sekunde, na Ijumaa ilikuwa kesho. Ndipo nikaelewa kwamba wamepatana.

"Nana, ngoja kwanza!" Sauti ilinipasuka kama gae. "Siku hiyo nilikuwepo!"

"Ulikuwepo wapi?" Egya Nimo alinivaa papo hapo.

"Jikoni kwa bibi harusi. Naosha masufuria."

"Wewe? Kuosha masufuria? Muongo huyu!"

Walicheka, nami nikaimba. Sikuwa na wimbo, niliutunga ukiwa tayari mdomoni:

*Chura vaa viatu, harusi iko juu,*
*ukipanda utaanguka, ukibaki utalala njaa.*

Mstari wa pili haukutosha kwenye mdundo. Wao waliutosheza, kwa makofi na kwa vifua, wakauimba mara nne mpaka ukawa wimbo kweli. Nana alingoja. Ulipoisha alisema, "Asante, mwosha masufuria," akampandisha chura mti.

Dole gumba aliliweka usiku ule ule, na wino ukachafua nusu ya fomu.

Miaka sita imepita. Nimeandika mengi ambayo ni safi kuliko kile kipindi, na machache ninayoyapenda kama kile.

Ijumaa ile, Mwalimu Ofosuhene alikicheza kipindi changu mbele ya darasa, uso umekunjamana. Kuku alisikika. Kikohozi kilisikika. Sauti yangu iliyopasuka ilipotoka nilitazama sakafu. Chura akaanza kupanda, tawi la kwanza, tawi la pili, na nyuma ya darasa kiti kikakwaruza. Atsu, mtu wa Keta, ambaye kwa miaka miwili hatukuwahi kumsikia akisema zaidi ya "nipo", alikuwa amesimama.

"Ngojeni," alisema. "Na mimi siku hiyo nilikuwepo."

Akaimba kwa Kiewe, lugha ya kwao, amefumba macho.

Mwalimu Ofosuhene alinyoosha mkono, akaisimamisha mashine, akangoja.